Gari la wafanyakazi linalotumia gesi: kituo kiwe mwanzo wa ruti, katikati au mwisho?

#1 Mwana_Madale
Wakuu, habari zenu.

Nina Hiace ya petroli, mwaka jana niliifunga mtungi wa gesi asilia wa kilo 15. Kazi yake ni kubeba wafanyakazi wa maofisini hapa Dar, kutoka huku kwetu Madale na Goba kwenda Posta mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Ni watu 13, kila mtu ana kiti chake na analipa kwa mwezi. Mchana nikipata safari ya kukodiwa hapo mjini naifanya.

Hoja yangu naileta hapa ili mnipinge: ruti yangu haipangwi na abiria, inapangwa na kituo cha gesi.

Naokota hivi: Madale wawili, Goba wanne, Makongo Juu watatu, Ardhi mmoja, Mwenge wawili, Makumbusho mmoja. Wa kwanza anaingia saa kumi na moja kasorobo alfajiri, wa mwisho anatakiwa awe mezani kwake saa moja na nusu. Kituo ninachokitumia kiko Sam Nujoma, yaani baada ya Ardhi na kabla ya Mwenge. Kipo njiani kabisa, sikunji kona hata moja. Tatizo ni foleni. Kuna asubuhi nimekaa dakika 15, kuna asubuhi nimekaa saa nzima na ushee.

Nimejaribu kujaza katikati ya ruti, watu wakalalamika, na wana haki. Nimejaribu kuamka saa nane usiku niende kujaza ndipo nirudi Madale kuanza kuokota, nikawa nasinzia kwenye usukani. Hilo sitarudia. Mnaofanya kazi kama hii mnapanga vipi?

#2 Kijana wa Mabibo
Jaza usiku ukishamaliza kushusha watu. Imeisha hiyo.

#3 Mwana_Madale
@Kijana wa Mabibo ndugu yangu, wa mwisho namshusha Madale saa mbili na nusu usiku. Kituo nimeshakipita zamani. Kurudi ni kilometa kama 16 na kurudi tena nyumbani 16, gari tupu. Na jioni nikiingia kituoni na watu ndani ni yale yale ya asubuhi, tofauti ni kwamba sasa wamechoka na wana njaa.

#4 Mwalimu_Hesabu
Uzi mzuri sana huu. Naomba niuweke kwenye namba kidogo.

Ukiwa na abiria 13 wa kuokota, mpangilio wa nani aanze na nani afuate unaweza kupangwa kwa namna 6,227,020,800. Zaidi ya bilioni sita. Kompyuta yenyewe haipitii zote moja moja, inatumia mbinu za kukisia vizuri. Lakini barabara ya Madale–Goba–Makongo imeshakufanyia kazi hiyo: huwezi kumchukua wa Mwenge ukarudi Goba. Kwa hiyo mpangilio wako wa abiria ni mmoja tu, na kinachobaki ni kituo, ambacho kina nafasi 13 za kuingia.

Sasa pima gharama mbili. Ukijaza katikati ya ruti, wakati huo una watu 10 garini. Foleni ya dakika 30 ni dakika 300 za watu, ukiacha wale watatu wa Mwenge na Makumbusho waliosimama barabarani wanakusubiri. Ukijaza usiku, unakaa peke yako ila unalipa kilometa 32 tupu. Kwa ulaji wa kilometa 10 kwa kilo ni kilo 3.2. Tukichukua bei ya 1,550 kwa kilo ni shilingi 4,960.

Kwa hiyo swali ni: dakika 300 za watu wako zina thamani ya shilingi 5,000 au hazina?

#5 Kalamu Nyekundu
@Mwalimu_Hesabu nafasi ni 14, siyo 13. Kabla ya wa kwanza, kumi na mbili katikati yao, na moja baada ya wa mwisho.

#6 Mwalimu_Hesabu
Kweli kabisa, 14. Asante.

#7 Mama Wawili
Mimi siendeshi gari, ni abiria. Siyo wa gari lako, lakini nimepanda gari la namna hiyo miaka miwili, kutoka Kinyerezi.

Mnahesabu dakika, mimi nitawaambia dakika hizo zinavyokuwa. Gari linaingia kituoni saa kumi na mbili kasoro. Dereva anasema "tushuke jamani", kwa sababu kwenye gesi hakuna kukaa ndani. Mnashuka wote. Mmoja ana mtoto anampeleka kwa bibi yake, amemfunga khanga mbili, mtoto alikuwa amelala sasa ameamka analia. Hakuna benchi. Mnasimama pembeni ya ukuta, umande unashuka, viatu vya ofisini vinaingia vumbi. Unasikia tu ule mlio mpira unapochomolewa, tsss, unajua gari moja limetoka. Unahesabu: mbele yetu yapo saba.

Na huwezi kuondoka kupanda daladala maana mwezi umeshalipa.

Nilipochelewa mara ya tatu, bosi wangu hakuniuliza habari za gesi. Kwa hiyo @Mwalimu_Hesabu jibu langu ni ndiyo, zina thamani ya zaidi ya 5,000. Mniulize mimi, nitachangia mia tano yangu kila siku aende ajaze usiku.

#8 Kijana wa Mabibo
Mama Wawili umeongea. Mia tano mara watu 13 ni 6,500 kwa siku. Mwana_Madale chukua hiyo biashara haraka kabla hajabadilisha mawazo 😀

#9 Mwana_Madale
@Mama Wawili pole sana, na nimekusikia. Mmoja wa abiria wangu wa Goba aliniambia maneno karibu hayo hayo, ndiyo yaliyonifanya nifungue huu uzi.

Nyongeza kwenye hesabu ya mwalimu: sijazi kila siku. Kwa siku natembea kama kilometa 85, thelathini kwenda, thelathini kurudi, na za mchana. Nikienda usiku, zile 32 tupu nazo zinakula humo humo mtungini, kwa hiyo kwa wiki najikuta najaza mara nne. Ni kama 20,000 kwa wiki za kwenda kituoni na kurudi tu.

#10 Fundi Mitungi
Salaam. Nafunga na kukagua mifumo ya gesi Dar, nina miaka kadhaa kwenye kazi hii. Wote mnahesabu kama vile kilo 15 ni kilo 15. Siyo.

Mtungi unajazwa kwa mgandamizo, kiwango ni baa 200. Kituo kina kompresa ya kuigandamiza gesi na kina mitungi yake ya akiba. Magari yakiingia mfululizo, akiba inashuka kabla kompresa haijairudisha. Wewe wa kumi na mbili kwenye foleni unaondoka na baa 160 na unadhani umejaza. Pili, gesi ikiingia kwa kasi mtungi unapata joto. Shika kwa mkono mara tu baada ya kujaza, utauhisi. Ukipoa, geji inashuka. Kwa hiyo anayejaza kwenye kilele cha foleni anapoteza mara mbili: muda wake, na gesi ambayo haikuingia.

Usiku sana au alfajiri sana unapata mtungi uliojaa kweli. Kilometa 32 tupu zinaweza kujilipa zenyewe kwa kukupunguzia safari za kituoni.

#11 Bodaboda Mstaafu
Fundi, lakini si tunalipa kwa kilo? Kama haikuingia hatulipi. Hasara iko wapi?

#12 Fundi Mitungi
Fedha ya gesi hupotezi, hilo kweli. Unapoteza masafa. Unarudi kituoni mapema zaidi, na kila kurudi ni foleni nyingine.

#13 Dereva_Thika Road
Wakenya tuko wapi? Huku Nairobi matatu inaingia kwa kituo cha mafuta na abiria wote ndani, makanga anaruka, anaweka mafuta ya pesa aliyokusanya kutoka steji ya kwanza, dakika tatu mko barabarani. Hakuna mtu analia. Shida yenu ni gesi, si ruti.

Mimi nimeendesha basi la umeme pia. Hayo mabasi ya BasiGo yalianza hapa 2022. Hapo ndipo nilijifunza kupanga. Basi linachajiwa usiku likiwa limelala, na mchana meneja anaangalia asilimia iliyobaki kabla akupe safari nyingine. Yaani kwanza unajua umebaki na kilometa ngapi, ndio unachagua abiria. Nyinyi mnachagua abiria ndio mnauliza gesi iko wapi.

#14 Mwana_Madale
@Dereva_Thika Road hiyo sentensi yako ya mwisho nimeiandika kwenye daftari.

#15 Mzee wa Ubungo
Vijana, hii gesi ilifika hapa Ubungo 2015 kwa bomba la Mtwara, na tangu hapo vituo havijakimbizana na magari. Hapo ndipo shina la tatizo. Hata upange ruti vipi, vituo vichache ni vituo vichache.

#16 Kalamu Nyekundu
Mzee wangu, shikamoo. La Mtwara ndilo lilikamilika 2015. Lakini gesi ya Songosongo kule Kilwa ilishafika Ubungo tangu 2004, kwa ajili ya umeme na viwanda. Magari yalianza kujaza gesi hapo Ubungo kabla ya bomba la Mtwara.

#17 Mzee wa Ubungo
Marahaba. Sawa, 2004. Nakumbuka sasa, ile mitambo ya umeme pale. Hoja yangu ya vituo vichache inabaki pale pale.

#18 Mtu wa Ramani
Kazi nifanyayo ni hii hii ya ruti, kwa ajili ya magari ya kusambaza bidhaa, ila kanuni hazitofautiani sana.

Kuna jambo nadhani litawafurahisha. Elimu ya kupanga ruti za magari mengi ilianza kwa mafuta yenyewe. Dantzig na Ramser, mwaka 1964, waliandika kuhusu malori yanayotoka kwenye ghala kupeleka petroli kwenye vituo: lori gani liende kituo kipi ili kilometa zote zikijumlishwa ziwe chache. Sisi leo tunauliza upande wa pili, gari liende kituo kipi kufuata mafuta.

Baadaye ikaja mbinu ya akiba, nyepesi hata kwa daftari. Chukua watu wawili, kila mmoja afuatwe na gari lake kutoka stendi. Kisha waunganishe kwenye gari moja. Kilometa ulizookoa ni: umbali wa stendi hadi kwa wa kwanza, jumlisha stendi hadi kwa wa pili, toa umbali kati yao wawili. Unapanga jozi zote kuanzia yenye akiba kubwa, unaunganisha mpaka gari lijae.

Kwa Mwana_Madale, ukifanya hesabu hiyo utaona kitu: watu wako watatu wa Mwenge na Makumbusho hawaungani vizuri na wa Madale. Wanaungana na gari linalotoka Tegeta kwa barabara ya Bagamoyo. Wewe unawachukua kwa sababu ulikuwa na viti vitupu, siyo kwa sababu ni wa ruti yako.

#19 Kalamu Nyekundu
Dantzig na Ramser ni 1959. Hiyo 1964 ni ya Clarke na Wright, ambao ndio wenye mbinu ya akiba uliyoieleza.

#20 Mtu wa Ramani
Nimezichanganya, uko sahihi. Asante Kalamu.

#21 Kijana wa Mabibo
Huyu Kalamu Nyekundu lazima alikuwa kiranja wa darasa.

#22 Kalamu Nyekundu
Wa shule nzima.

#23 Noah ya Tegeta
@Mtu wa Ramani umenigusa. Mimi natoka Tegeta kila asubuhi na Noah, nina watu sita, nafasi moja iko wazi tangu mwezi wa pili. Na nina mtu mmoja wa Goba ambaye namfuata hadi huko ndani ndipo nageuza. Huyo mmoja ananila kilometa 14 kila siku kwenda na kurudi. Mwana_Madale ukimchukua wa Goba, nami nikachukua wako wawili wa Mwenge, kila mmoja wetu anapumua.

#24 Mwana_Madale
Kiti nitakipata wapi sasa? Nikiwatoa wawili wa Mwenge ninabaki na 11, nikimwongeza wa kwako 12. Gari linaingia. Lakini hao wa Mwenge wamenilipa mwezi mzima, na mmoja ndiye aliyenitafutia hii kazi ofisini kwao. Nikimwambia "kuanzia kesho panda la mwenzangu" ataona nimemtupa.

#25 Mama Wawili
Muulize yeye mwenyewe. Mtu wa Mwenge anayesimama barabarani dakika 30 akikusubiri utoke kwenye gesi, unadhani atakataa gari ambalo halipiti kituoni? Huwa mnatuamulia kabla ya kutuuliza.

#26 Mtu wa Columbus
Nawasalimu kutoka Ohio, Marekani. Naendesha van ya kuwapeleka wagonjwa hospitali, wengi ni wa kusafishwa damu kwa mashine, figo zimeshindwa kazi. Hawa huenda mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mashine ina saa yake, ukichelewa kumfikisha wanampunguzia muda wa kusafishwa, na mwili wake ndio unaolipa.

Ruti napangiwa na programu ya kampuni. Mwanzoni nilifikiri ni mashine ya ajabu: inajua mgonjwa yupi anatumia kiti cha magurudumu, anahitaji dakika ngapi kuingia, na inamwekea kila mtu kikomo cha kukaa garini. Hicho kikomo ndicho ninachotaka mkichukue. Huku hawapunguzi kilometa tu. Wanaweka sharti kwamba hakuna mtu atakayezungushwa kupita muda fulani hata kama kumzungusha kunaokoa mafuta.

Lakini hiyo programu haijui tenki langu lina kiasi gani! Siku moja Februari iliniwekea watu watano mfululizo bila nafasi ya dakika tano, sindano ya mafuta iko chini, nje theluji. Nilikuwa na mama mmoja wa miaka zaidi ya 70 ametoka kwenye mashine, baridi inamtetemesha. Niliingia kituo cha mafuta naye ndani, nikaomba radhi, nikajaza lita chache kwa mikono inayouma. Akaniambia "mwanangu, usijali". Maneno hayo hayajanitoka. Tangu siku hiyo nikiona nusu ya tenki najaza, iwe programu inataka au haitaki.

Kwa hiyo Mwana_Madale, shauri langu: weka mstari wako. Geji ikifika mahali fulani, kujaza ni lazima kwenye nafasi ya kwanza ambayo gari ni tupu. Usingoje mtungi uishe ndipo uamue.

#27 Mwalimu_Hesabu
@Mtu wa Columbus hilo la kikomo cha kila mtu ni zito. Kwenye gari la Mwana_Madale, wa Madale anakaa garini zaidi ya saa mbili na wa Makumbusho labda dakika 40. Jumla ya dakika inaweza kuonekana nzuri huku mtu mmoja akiubeba mzigo wote.

#28 Likoni Moja
Hamjambo. Sisi huku Mombasa foleni yetu ni ya feri, na dereva anayevuka Likoni hujua kwamba mafuta hutiwa upande wa huku kabla ya kuvuka, si baada. Ukishaingia kwenye feri huna budi, wasubiri na abiria wako. Nionavyo mimi kituo chenu cha gesi ni feri. Tafuteni cha kufanya upande wa huku.

#29 Bodaboda Mstaafu
Kwa nini watu wa Goba wasipande mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake, yaishe? Ipo tangu 2016.

#30 Mwana_Madale
Ile ya 2016 inaanzia Kimara kwenda Kivukoni. Mtu wa Goba lazima kwanza apande gari hadi Mbezi au Kimara, agombanie, ndipo apande tena. Kwa wenye watoto na mizigo siyo jambo jepesi.

#31 Saa Nane Mchana
Mbona hakuna aliyesema mchana? Gari liko mjini, abiria wako ofisini, una saa nane nzima. Nenda Tazara au kule uwanja wa ndege, jaza, rudi Posta. Mimi nafanya hivyo na jina langu linasema.

#32 Mwana_Madale
Wakuu, nimerudi na namba. Nilichukua ushauri wa #31 na wa #10, nikavijaribu vyote wiki hii, na daftari mkononi.

Jumatatu usiku saa nne, foleni dakika 10: ziliingia kilo 14.1, nikatembea kilometa 148 mpaka geji ikalia.
Jumatano saa nane mchana, foleni dakika 50: ziliingia kilo 11.8, nikatembea kilometa 104.

Abiria ni wale wale, mimi ndiye niliyeendesha safari zote. Fundi alisema kilo zitaingia pungufu, na kweli. Lakini angalieni tena: usiku kila kilo imenipa kilometa 10.5, mchana kila kilo imenipa 8.8. Hiyo tofauti inatoka wapi? Kilo si kilo?

#33 Saa Nane Mchana
Kiyoyozi. Mchana kimewaka, alfajiri hukiwashi.

#34 Mtu wa Ramani
Nadhani ni foleni ya barabarani. Mtungi wa usiku unaanza kuliwa kwa kwenda nyumbani, barabara nyeupe, kisha alfajiri Goba hakuna gari. Mtungi wa mchana unaanza kuliwa saa kumi na moja jioni Posta, kwenye taa za Salender na Morocco, hatua mbili unasimama. Yaani saa unayojaza inaamua gesi ipi italiwa na foleni. Ukijaza mara moja kwa siku mbili bila kubadilisha saa, wastani ungekuwa sawa.

#35 Fundi Mitungi
Inawezekana, lakini mimi nashuku kirekebishaji cha mgandamizo, kile kifaa kinachoupunguza kabla gesi haijafika kwenye injini. Kikichoka, huenda gari likatumia gesi nyingi mtungi ukiwa na mgandamizo mdogo, na wewe Jumatano ulianza na mdogo. Tena injini ya mfumo huu inawaka na petroli kwanza ndipo inahamia gesi. Kwenye foleni ya dakika 50 umezima na kuwasha mara ngapi? Angalia na petroli imeshuka kiasi gani, maana hiyo hujaihesabu.

#36 Bodaboda Mstaafu
Mimi nasema matairi. Hakuna anayepima upepo siku hizi.

#37 Mwalimu_Hesabu
Jamani, kujaza mara mbili tu hakutoshi kutoa hukumu. Mwana_Madale andika mara kumi: saa uliyojaza, kilo, kilometa, kiyoyozi, na petroli kama Fundi alivyosema. Na zile za usiku toa kilometa tupu, maana katika hizo 148 kuna 16 za kurudi nyumbani ambazo hazikubeba mtu. Zilizobeba watu au kwenda kuwafuata ni 132. Kwa kilo 14.1 ni kama 9.4. Pengo la kilometa zenye kazi limeshapungua, ingawa la ulaji wa gari lenyewe bado lipo.

#38 Mwana_Madale
Hiyo sikuiona kabisa mwalimu. Asante.

#39 Noah ya Tegeta
Na lile letu?

#40 Mwana_Madale
Nilimuuliza yule wa Mwenge, kama Mama Wawili alivyosema. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Mbona hukuniambia mapema?" Kuanzia Jumatatu anapanda kwako, mwenzake amesema atajaribu wiki moja kwanza. Yule wako wa Goba mwambie asimame upande wa kushoto karibu na duka la dawa, saa kumi na moja na dakika tano, nisipitilize gizani.

#41 Fundi Mitungi
Kabla ya Jumatatu nipitishie hilo gari. Jumamosi asubuhi, usijaze kwanza, nataka kukiona kirekebishaji mtungi ukiwa chini.

#42 Mwana_Madale
Saa mbili nipo hapo. Petroli nimeweka alama kwenye geji kwa kalamu.